Vyombo vya siku hizi havidumu? Itazame kwanza nyumba vinamokaa

Mwishoni mwa Januari, mvua zilipokatika kwa siku kama kumi, nilikuwa sokoni Masasi nikamwona mama mmoja akimrudishia fundi kinu. Alikinunua Novemba. Ufa ulikuwa umeteremka kutoka mdomoni hadi chini ya kiuno cha kinu, mpana kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto.

"Fundi, hiki umenichongea mti mbovu."

Fundi alikilaza kinu, akakizungusha taratibu, akapitisha ukucha kwenye ufa. Hakubisha. Aliuliza tu, "Mama, kwako kinakaa wapi?"

Mama alizidi kukasirika. Kaja na habari ya kinu, anaulizwa habari ya nyumba! Waliokuwa karibu walimuunga mkono, na kila mmoja akatoa lake: ungo ulioota ukungu kabla ya Krismasi, mkeka ulionuka uvundo, jembe linalochomoka mpini katikati ya palizi, mtungi ambao maji yake siku hizi hayapoi. Hukumu zikawa zile zile tunazozisikia kila msimu huku Kusini. Mafundi wa sasa wanalipua. Miti mizuri imekwisha. Vitu vya asili haviwezi mvua, bora ununue plastiki.

Nimefuatilia jambo hili kwa muda, nikiongea na wachongaji, wafinyanzi na wasukaji wa mikeka, na ninaamini hukumu zote tatu kwa kiasi kikubwa si za haki. Swali la fundi ndilo lililokuwa sahihi. Ili kuona kwa nini, inabidi tuanze na neno moja ambalo redio hulitamka kila jioni na wengi wetu tunalielewa kinyume.

Asilimia ya nini?

Mtangazaji akisema unyevunyevu wa hewa ni asilimia 85, watu hudhani kwamba katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 85 ni maji. Ingekuwa hivyo tungekuwa tunaogelea. Maana yake ni nyingine. Fikiria hewa kama ndoo ya kubebea mvuke. Asilimia inakwambia ndoo imejaa kiasi gani. Asilimia 50, iko nusu. Asilimia 100, imefika ukingoni na hakuna tone jingine litakaloingia.

Sasa, ndoo hii ina tabia moja ya ajabu: joto likipanda inakuwa kubwa, baridi ikiingia inakuwa ndogo. Mvuke ule ule uliojaza nusu ya ndoo saa nane mchana unaweza kuijaza pomoni saa kumi za alfajiri, bila tone moja kuongezeka. Kinachofurika ndicho umande unaouona majanini. Ndicho pia matone yanayoning'inia chini ya bati alfajiri, ambayo watu husema "bati linatoka jasho" wakidhani linavuja.

Jikoni kuna kipimo cha bure cha jambo hili. Chumvi safi ya mezani huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75. Chumvi ya mawe, hii inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, huwahi kulowa zaidi kwa sababu ina madini mengine yanayopenda maji kuliko chumvi yenyewe. Kwa hiyo ukiona chumvi imeshikana kwenye kopo, jua kwamba hewa ya jiko lako inakaribia kiwango ambacho ukungu nao huanza kustawi, yaani karibu asilimia 80.

Kuna jambo la pili la kukumbuka kuhusu mikoa yetu. Dar es Salaam na Tanga wana vuli, kisha mapumziko, kisha masika. Lindi na Mtwara tuko katika mikoa ya mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na pengine mvua huingia hata Mei. Kwa chombo kilichotundikwa ukutani, hiyo ni karibu nusu mwaka ya hewa nzito, ukiacha siku chache mvua zinapokatika katikati. Ukungu hauhitaji tu maji, unahitaji muda. Na huku muda upo.

Mti uliokufa bado unakunywa

Mti ukikatwa haubaki na ukavu mmoja milele. Unaendelea kubadilishana maji na hewa siku zote, hata ukiwa mwiko wa miaka 20. Mti mbichi unaweza kuwa na maji yanayokaribia uzito wa mti wenyewe. Ukianikwa kivulini miezi kadhaa, utashuka hadi ulingane na hewa iliyouzunguka: hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, mti utatulia kwenye maji ya asilimia 12 hivi ya uzito wake mkavu, hewa ikifika asilimia 80, mti utapanda hadi 16. Kiangazi unashuka, msimu unapanda. Ukindu, mianzi, miwaa na makumbi, vyote vina tabia hiyo.

Kupanda na kushuka huko kunabadilisha ukubwa wa mti, ila si kila upande sawa. Chukua fagio la chelewa lililofungwa. Kila ujiti ukivimba kidogo, fagio litanenepa, lakini halitarefuka. Mti ni fagio la namna hiyo, lililofungwa na Mungu: nyuzi nyingi zimelala upande mmoja. Ukinywa maji unanenepa, ukikauka unakonda, na urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Mti mbichi ukikauka kabisa hukonda asilimia 5 hadi 10 kwa upana, wakati kwa urefu haufiki hata nusu ya asilimia moja.

Ukilishika hilo la kunenepa bila kurefuka, mambo mengi yaliyokuwa yanaonekana ni bahati mbaya yanaanza kueleweka.

Jembe linalolazwa kwenye ndoo

Nani huku hajaona jembe limelala usiku kucha kwenye ndoo ya maji? Mpini unacheza, kesho kuna palizi, basi jembe linalowekwa. Asubuhi limekaza kama limechomelewa. Baada ya wiki mbili linacheza tena, na safari hii zaidi ya mwanzo. Tunalilaumu jembe, au tunamlaumu aliyechonga mpini.

Kilichotokea ni hiki. Kichwa cha mpini kilikunywa maji kikataka kunenepa, lakini kiko ndani ya tundu la chuma, na chuma hakisogei. Nyuzi za mti zikakosa pa kwenda, zikajiponda zenyewe kwa zenyewe. Ukifunga mgomba kwa kamba ukaikaza sana, siku ukiifungua utaona alama ya kamba imebaki pale pale, mgomba haurudi ulivyokuwa. Na nyuzi za mpini hazirudi. Maji yakitoka, kichwa cha mpini kinakuwa chembamba kuliko kilivyokuwa kabla hujakiloweka. Unaloweka tena, kinajiponda tena. Kwa hiyo ndoo inatibu usiku mmoja na kuongeza ugonjwa kwa msimu mzima. Mwenye haraka atumie, simlaumu, palizi haisubiri. Lakini dawa hasa ni kabari ya mti mkavu ikapigiliwa kichwani mwa mpini, na kabla ya hapo, kuchonga mpini wakati wake.

Wakati wake ni kiangazi. Mpini uliochongwa na kukaushwa kivulini hadi Septemba au Oktoba, ukapigiliwa ukiwa umekonda kabisa, mvua zikija utakaza wenyewe. Uliochongwa Februari ukiwa mbichi unaingia kwenye jembe ukiwa mnene, na wote tunajua Agosti utakuwaje. Wazee waliokuwa wakikata mipini baada ya mavuno na kuichomeka juu ya meko hadi mvua za kwanza hawakuwa na kipimo cha unyevu, lakini walikuwa wamekwisha kupiga hesabu hii.

Kamba nayo ina kisa chake, kinyume na watu wanavyotarajia. Kamba ya asili iliyosokotwa ikilowa huwa fupi, haiwi ndefu. Nyuzi zake zinanenepa, na kwa kuwa zimezungushana, unene unakula urefu. Ndiyo maana kitanda cha kamba hukaza wakati wa mvua na kubonyea kiangazi, kikastahili jina lake la teremka tukaze.

Kinu na klarineti

Turudi kwa kinu, kwa sababu hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo.

Kinu huchongwa kutoka gogo zima, na mara nyingi gogo bichi, maana kuchimba tundu kwenye gogo kavu ni adhabu. Gogo likikauka linakonda, lakini kwa kuzunguka mduara linataka kukonda karibu mara mbili ya linavyokonda kuelekea moyoni. Ni kama mkanda unaoendelea kuwa mfupi kuliko kiuno kilichomo ndani yake. Ukifika mwisho wa uvumilivu unaachia mahali pamoja, na hapo ndipo ufa unapoanza. Ufa kwenye kinu, kwa hiyo, hausemi kwamba mti ni mbovu. Mti mgumu na mzito hupasuka pia, na pengine kwa urahisi zaidi.

Ushahidi mzuri uko kwenye misitu yetu wenyewe. Mpingo wa Kilwa, Liwale na Nachingwea ni miongoni mwa miti mizito kabisa duniani. Kipande chake cha ukubwa wa lita moja kina karibu kilo 1.2, na ukikitupa majini kinazama. Wamakonde wameuchonga hadi dunia ikawajua, na ni mti huo huo unaotoa michi isiyomeguka. Huko Ulaya wanautengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Basi mpiga klarineti anayenunua chombo kipya cha mpingo huambiwa akipulize dakika chache tu siku za kwanza, akifute, akiache, kesho aongeze kidogo. Asipofanya hivyo, pumzi yake yenye mvuke inanenepesha mti upande wa ndani wakati upande wa nje bado mkavu, na klarineti ya mamilioni ya shilingi inapasuka. Hakuna anayesema kule kwamba mpingo wa Lindi ni mti mbovu. Wanasema umeharakishwa.

Hilo ndilo neno ninalotaka libaki kichwani: haraka. Maji peke yake hayapasui kinu, na jua peke yake halikipasui. Kinachopasua ni kubadilika upesi, upande mmoja ukiwa umelowa na upande wa pili umeshakauka. Mama wa Masasi alipokubali hatimaye kujibu swali la fundi, jibu lilikuwa: barazani, upande wa machweo. Maana yake usiku rasharasha zinakilowesha, saa tisa alasiri jua kali linakikausha ngozi ya nje, na ndani bado kuna maji ya gogo. Siku baada ya siku. Kwa miezi mitatu kinu hicho kilikuwa kinavutwa huku na huku kama kitambaa kinachogombaniwa na watoto wawili.

Kinu kipya kinataka kivuli na uvivu. Kikae ndani, mbali na meko na mbali na mlango unaopigwa na jua, kifunikwe gunia wiki za kwanza ili kitoe maji polepole. Mdomo na kitako, ambako nyuzi zimekatwa na maji hutoka kwa kasi zaidi, vipakwe mafuta ya kula mara kwa mara. Mafuta hayazuii maji kabisa, yanayapunguzia mwendo tu, na mwendo ndio tunaoutafuta. Kikioshwa, kilazwe ubavu kikauke kivulini. Kisianikwe juani "kiue ukungu".

Hapa niseme jambo moja kwa uzito. Mikoa hii ni ya korosho, na mafuta ya maganda ya korosho yanasifika kuzuia mchwa kwenye mbao na nguzo. Ni kweli yanasaidia. Lakini mafuta hayo yanababua ngozi. Waliobangua korosho kwa mikono wanajua alama zake. Yasipakwe kabisa kwenye kinu, mwiko, ubao wa mbuzi ya kukunia nazi, au chochote kinachogusa chakula au kiganja.

Mtungi haujazeeka

Mtungi unapoza maji kwa jasho. Udongo uliochomwa kwa moto wa kienyeji una vitundu vidogo mno. Maji yanapenya hadi nje, yanageuka mvuke, na yanapoondoka yanaondoka na joto. Ukitoka kuoga ukasimama penye upepo unatetemeka kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini jasho linakauka tu kama hewa ina nafasi. Oktoba kule Nachingwea hewa ni kavu, ndoo iko na nafasi tele, na maji ya mtungini yanauma meno. Machi pale Mikindani ndoo imejaa. Jasho la mtungi linabaki limetanda nje, halikauki, na maji yanakuwa vuguvugu. Mtungi ni ule ule. Usiutupe. Uinue kwenye kigae au mchanga, uupeleke penye upepo, na usiubandike kwenye kona ya chumba. Ukiona kiangazi nacho kimefika na bado haupoi, hapo ndipo uwezekano wa vitundu kuziba unapoingia, hasa kama maji yenu yana chumvi au chokaa nyingi. Usugue nje na ndani kwa brashi na maji matupu.

Chungu cha kupikia ni jambo jingine. Kilichokaa bila kazi mwezi mzima wa mvua kimekunywa maji hata kama hakijaguswa. Ukikiweka ghafla kwenye moto mkali, maji yaliyo ndani ya udongo yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Kinapasuka kwa mlio. Kianze na moto mdogo. Chungu kipya kipikiwe uji kwanza, ule wanga unaziba vitundu vya ndani. Na ukimwona mfinyanzi anakataa kukuchomea chungu Februari, usidhani anaringa: chungu ambacho hakijakauka hadi moyoni hakivumilii moto, na msimu hakuna kinachokauka hadi moyoni.

Jiko lililohama

Sasa nifike kwenye lile ninaloona ndilo kiini cha malalamiko yote.

Ungo wa zamani ulikaa wapi? Ulitundikwa kwenye ukuta wa jiko la kuni, chini ya paa la makuti au nyasi. Ukindu wa akiba ulikuwa darini. Mahindi ya mbegu yalifungwa juu ya meko. Kila siku, mara mbili au tatu, moto uliwashwa chini ya vitu hivyo. Watu husema moshi uliua wadudu, na ni kweli kwamba moshi huacha vitu ambavyo wadudu na kuvu hawavipendi. Mianzi ina wanga ambao vidudu hutoboa kuutafuta, na mianzi iliyokula moshi huachwa kwa amani zaidi. Lakini kazi kubwa ilifanywa na joto. Hewa iliyopashwa ni ndoo iliyopanuliwa: hata Machi, hewa ya juu ya meko ilikuwa kavu kuliko ya uani. Na makuti yalipumua, hewa nzito ikapanda ikatoka. Jiko la kuni, bila yeyote kulipanga hivyo, lilikuwa kiwanda cha kukaushia vyombo.

Tazama sasa nyumba ya leo. Jiko ni la gesi, kama serikali inavyotuhimiza. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Gesi haitoi moshi, ila inapoungua inatoa mvuke wa maji, na sufuria inaongeza wa kwake. Paa ni bati, linapoa upesi usiku na kuteremsha jasho. Dari limezibwa vizuri. Dirisha la jikoni ni dogo, na mvua ikinyesha hufungwa. Sakafu ni saruji, na saruji iliyomwagwa juu ya udongo bila kutandazwa karatasi ya nailoni chini inavuta maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Mkeka ukitandikwa hapo Desemba ukaachwa wiki nzima, upande wa chini utakuwa mweusi.

Kwa hiyo ungo ule ule, wa msukaji yule yule, unakaa kwenye hewa yenye maji mengi kuliko ile uliyokaa nayo ungo wa bibi yake. Halafu tunasema msukaji kaharibika.

Sisemi turudi kwenye kuni. Moshi ule uliokausha ungo ulikuwa ukiingia pia kwenye mapafu ya mama na ya mtoto aliyebebwa mgongoni, na macho mekundu ya wapishi wetu si urithi wa kutamani. Ninachosema ni kwamba tulipouondoa moto wa kuni tuliondoa na kazi ambayo hatukujua unaifanya, na kazi hiyo lazima ipewe mwingine. Huyo mwingine ni upepo. Ungo usilazwe kabatini wala usibanwe nyuma ya mtungi wa gesi; utundikwe kwa kamba, usiguse ukuta, mahali ambapo madirisha mawili yanaitana. Ukioshwa, upigwe jua la asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili kisha urudi kivulini. Jua la kutwa linaukausha ukindu hadi unakatika. Msukaji hunyunyizia ukindu maji ili ulainike mkononi, naye ana sababu. Mkeka uviringwe na kusimamishwa, si kulazwa. Aliyejaliwa kujenga sasa, aache matundu chini ya paa, pande zote mbili.

Palipoota ukungu pafutwe kwa kitambaa kilichotiwa siki, kisha pakauke kabisa. Kuufuta bila kuhamisha chombo ni kazi bure, utarudi wiki ijayo.

Je, plastiki ndiyo jibu?

Plastiki haiozi, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba haipumui. Mahindi au makopa yenye unyevu yakitiwa kwenye ndoo ya plastiki na kufunikwa, maji yanayotoka kwenye nafaka hayana pa kwenda. Mchana yanapanda, usiku yanagota kifuniko na kurudi kama matone. Ndoo safi inakuwa shamba la kuvu.

Na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Haionekani, haina ladha ya kuaminika, na moto wa kawaida wa kupikia hauimalizi. Hapa ungo na kinu vina heshima ambayo ndoo haina. Sumu hii huwa nyingi zaidi kwenye punje zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi. Mama anayepepeta kwa mikono iliyozoea anazirusha nje punje nyepesi. Anayechambua anaondoa zenye madoa. Anayetwanga na kukoboa anaondoa ganda la nje ambako sumu nyingi hukaa. Haondoi sumu yote, na mahindi yaliyokwisha kuota ukungu hayasafishiki kwa ungo, ni ya kutupa. Lakini kile tulichokiona ni urembo wa mahindi, kumbe kilikuwa kinga.

Mwenye plastiki au mifuko isiyopitisha hewa aitumie, inafanya kazi nzuri sana dhidi ya wadudu, kwa sharti moja: nafaka iwe imekauka hadi asilimia 13 hivi. Kujua bila mashine, chukua chupa ya kioo kavu, tia punje mpaka robo na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini, yameshuka chini ya asilimia 15 hivi; yaanike tena kidogo kabla ya kuyafungia.

Nilimwacha mama wa Masasi akiwa ametulia kidogo lakini bado anataka kinu chake kishughulikiwe siku ile ile. Alipendekeza kizungushiwe pete ya chuma palepale. Fundi akakataa, na safari hii akaeleza.

"Wiki ijayo mvua zinarudi, mama. Ufa huu utajifunga wenyewe, utadhani kimepona. Hakijapona, kimevimba. Nikikivisha pete sasa, Agosti itakuwa inacheza kama bangili ya mgonjwa. Kiweke ndani, kitumie hivyo hivyo, niletee Septemba kikiwa kimekonda. Nitakivisha pete wakati huo, na mvua zikija ndiyo itakaza."

Mama akakitwika kinu kichwani. Aliuliza kama Septemba atamkuta pale pale.